Uhuru wa Mgonjwa na Kalamu ya Tabibu

Katika mambo yote ambayo binadamu aweza kumtwalia mwenzake, la kwanza kwa uzito ni uhai, na la pili ni uhuru. Uhai ukitwaliwa haurudi. Uhuru ukitwaliwa waweza kurudi, lakini siku zilizopita hazirudi pamoja nao. Kwa sababu hiyo watu wameweka mlinzi katika mlango wa gereza. Hakimu hamfungi mtu mpaka amemsikiliza. Na akisha kumsikiliza hana budi kuandika hukumu, kueleza sababu, na kumwachia mfungwa njia ya kukata rufani. Walakini yuko mtu mwingine atwaaye uhuru wa wenzake, naye hana joho wala kizimba mbele yake. Huyo ni tabibu wa zamu ya usiku. Yeye humzuia mtu ambaye hakutenda kosa lo lote, tena humzuia kabla ya kumsikiliza, kwa maana mara nyingi mtu huyo wakati ule hasikilizani na ye yote. Swali la insha hii ni hili: tabibu anadaiwa nini na mtu aliyemzuia?

Swali hili laweza kuulizwa mahali po pote, lakini nimependa kuliuliza Geita. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, na jina lake limeshikamana na dhahabu. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Na pembeni yake, katika mahali kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa, wachimbaji wadogo wamekuwa wakishuka katika maduara yao kwa kamba na tochi. Watu wa kila kabila hukutana huko. Wengi huja peke yao, hukaa kwa msimu, kisha huhama kufuata uvumi wa dhahabu mpya.

Tufanye kwamba saa nane ya usiku vijana watatu wanafika katika idara ya dharura ya hospitali moja ya mkoa huo. Wamemleta mwenzao, mikono yake imefungwa kwa kamba ya katani. Hakulala siku nne. Jioni hiyo alishika sururu akawafukuza wenzake, akidai kwamba wamekula njama ya kumfukia shimoni. Hataki chakula, hataki maji, na muuguzi akimsogelea anamtemea mate. Tabibu anauliza jina lake. Vijana wanatazamana. Wao humwita kwa jina la utani tu. Jina alilopewa na wazazi wake hawalijui. Kwao ni wapi? Mmoja asema Kigoma, wa pili asema Tarime, wa tatu hasemi kitu. Baada ya nusu saa vijana wamekwenda zao, maana zamu yao ya shimoni yaanza alfajiri. Wamebaki mtu asiye na jina, tabibu aliyechoka, muuguzi, na sindano ya kutuliza.

Hapana mwenye haki atakayemlaumu tabibu kwa kuitumia sindano hiyo. Akimwachia mgonjwa aondoke, huenda asubuhi akaokotwa maiti, yeye au mtu mwingine. Sheria nayo haimlaumu. Ibara ya 15 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yampa kila mtu haki ya kuishi akiwa huru, na yakataza mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo yatambua kwamba mgonjwa wa akili aweza kupokewa hospitali kwa hiari yake au bila hiari yake. Basi kumzuia mgonjwa asiyeridhia si jambo lililoharamishwa. Lililoharamishwa ni kumzuia bila utaratibu. Na utaratibu, katika dola za siku hizi, hauonekani ila katika maandishi.

Hapo ndipo lizukapo pingamizi la kwanza, nalo hutoka kwa watu wa kazi. Husema: dharura haina muda wa karatasi. Nani ataandika ilhali mikono yote minne imemshika mgonjwa? Tena hutukumbusha PF3, ile fomu ya polisi nambari 3 aijuayo kila Mtanzania aliyepata kujeruhiwa au kumpeleka majeruhi hospitali. Malalamiko yamesikika miaka mingi kwamba wako waliocheleweshewa tiba kwa ajili ya karatasi hiyo. Pingamizi hili lina nguvu, nami silipuuzi. Karatasi inayotangulia damu ni karatasi mbaya.

Lakini tupime vizuri. Dharura huruhusu mkono utangulie kalamu; hairuhusu kalamu isije kabisa. Mtu aliyevunja mlango wa jirani yake ili azime moto hastahili kushitakiwa. Hata hivyo kunapokucha yampasa aende kwa jirani aseme kwamba ni yeye aliyeuvunja, na aseme kwa nini. Akinyamaza, atakuwa amefanana na mwizi, ingawa alikuwa mwokozi. Haja humwondolea mtu lawama ya tendo. Haimwondolei wajibu wa kulieleza. Mgonjwa akisha kulala, usiku ule ule, tabibu ana deni la kuandika.

Watu wa Geita walifahamu jambo hili kuliko watu wengi. Katika soko la madini lililofunguliwa mjini hapo mwaka 2019, dhahabu hainunuliwi kwa kukisia kwa macho. Huwekwa katika mizani, uzito wake huandikwa, bei yake huandikwa, na aliyeileta huondoka na karatasi mkononi. Hapana mchimbaji ambaye angekubali kuambiwa, "Niachie dhahabu yako, sasa tuna haraka, hesabu tutaikumbuka." Gramu moja ya dhahabu yapata hati. Je, siku moja katika maisha ya yule aliyeichimba isipate?

Iko sababu nyingine, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Katika kijiji cha wakulima na wafugaji wa Usukuma, mtu akipatwa na wazimu hapotei katika kumbukumbu za watu. Yuko mama aliyemzaa, yuko mjomba, wako watu wa rika lake. Wote hao wajua jina lake, wajua alikuwa mtu wa namna gani kabla ya ugonjwa, na akichukuliwa watauliza: yuko wapi, amefanywa nini, atarudi lini? Sisemi kwamba jamaa hawakosei. Wako waliowafunga wagonjwa wao kwa minyororo kwa miaka, na wako waliotumia jina la wazimu ili wamrithi mtu angali hai. Lakini hata jamaa mbaya ni shahidi. Ajua kwamba mtu fulani alikuwako. Huko machimboni shahidi huyo hayupo. Wenzake watatu wamerudi shimoni, na msimu ukiisha watakuwa wametawanyika. Kilichobaki cha kumkumbuka mgonjwa ni ile karatasi. Hati ni ndugu wa asiye na ndugu.

Tumfuate basi mgonjwa wetu. Huenda akapelekwa Mwanza katika hospitali ya Bugando. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limefupisha safari hiyo ambayo zamani ilingojea kivuko. Huenda akapelekwa mbali zaidi, Dodoma, katika hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927, safari ya zaidi ya kilomita 600. Kila apokewapo atajulikana kwa kadiri alivyoandikwa. Ikiwa karatasi yasema "mwanamume, mkali, ameletwa na wenzake," basi maisha yake yote yamekuwa maneno matano. Barabara imekuwa fupi na gari limekuwa jepesi; habari za mtu, lakini, haziwezi kufika mahali ambapo hazikuandikiwa.

Pana hatari pia katika neno moja likiandikwa pekee. Neno "wazimu" lafanana na mlango unaojifunga wenyewe: akisha kuingizwa humo mtu, hapana anayeendelea kutafuta. Geita yatupa mfano wake. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki. Avutaye mvuke ule kwa muda mrefu aweza kupatwa na kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafula, na kubadilika tabia. Mambo haya yalionekana zamani Ulaya kwa watengenezaji wa kofia waliotumia zebaki katika kutayarisha manyoya, hata wazimu wa mtengeneza kofia ukawa methali ya Waingereza. Rwamagasa yenyewe ilikuwa mahali ambapo wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walichunguza madhara ya zebaki mwaka 2003. Na mwaka 2013 mataifa yalipatana mkataba juu ya madini hayo, wakauita kwa jina la mji wa Minamata, Japani, uliopata msiba wake.

Tena zebaki si pekee. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka mno katika damu, jiwe lililomwangukia mtu kichwani shimoni, na pombe iliyoachwa kwa ghafula baada ya kuzoewa, zote zaweza kumfanya mtu aone wasioonekana na kupigana na waliomsaidia. Kwa hiyo hati njema haianzi na jina la ugonjwa. Huanza na yaliyoonwa: saa aliyoletwa, joto la mwili wake, kiasi cha sukari katika damu, mikono ikitetemeka au haitetemeki, maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, na kazi aliyokuwa akiifanya. Aandikaye aliyoyaona humwachia mwenzake nafasi ya kuona zaidi. Aandikaye hukumu tu humwachia mwenzake kazi ya kuirudia.

Sasa naja katika pingamizi la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Yaweza kusemwa: unaisifu karatasi kana kwamba karatasi haisemi uongo. Historia ya Afrika ya Mashariki yajua kinyume chake. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa katika magharibi ya Kenya, aliipinga serikali ya kikoloni. Mwaka 1945 akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akazuiliwa huko hadi mwaka 1947. Na J. C. Carothers, tabibu aliyepata kuiongoza hospitali hiyo hiyo, aliandika mwaka 1954 kitabu kwa serikali ya Kenya ambamo mapigano ya Mau Mau yalielezwa kama jambo la nafsi za Waafrika kuliko jambo la ardhi yao. Kumbe kalamu ya tabibu yaweza kugeuza madai kuwa maradhi.

Wala kosa hili si la wakoloni peke yao. Huko Florida, Marekani, Kenneth Donaldson aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1957 kwa ombi la baba yake. Aliomba kuachiliwa mara nyingi, asiachiliwe mpaka mwaka 1971. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri lake kwamba dola haina haki ya kumfungia tu mtu asiye wa hatari, ikiwa aweza kuishi salama nje, peke yake au kwa msaada wa jamaa na rafiki walio tayari kumsaidia. Jalada lake halikukosa karatasi. Lililokosekana kwa karibu miaka 15 ni mtu wa kuzisoma karatasi hizo akiwa na nia ya kuuliza.

Nakubali basi kwamba hati si haki. Hati ni chombo, na chombo hufuata mkono. Lakini dawa ya hati ya uongo si kukosa hati. Ni hati inayoweza kukanushwa. Mtu aliyezuiliwa kwa neno la mdomo hana cha kukanusha, kwa sababu neno limekwisha kupita na upepo. Aliyezuiliwa kwa maandishi, hata yakiwa ya uongo, anacho kitu cha kushika mbele ya hakimu na kusema, "Hili si kweli." Uongo ulioandikwa huwa na tarehe na sahihi, uongo usioandikwa hauna mwenyewe.

Kwa hiyo naona hati ya haki yapasa kuwa na mambo manne. La kwanza ni ushahidi wa macho: tabibu atenge aliyoyaona yeye na aliyoambiwa na wengine, maana wenzake wa machimboni huenda wamesema kweli, na huenda wamegombana naye juu ya mgawo wa dhahabu. La pili ni sababu, nayo iwe ni hatari, isiwe ni kero. Mtu aimbaye njiani usiku ni kero. Mtu ashikaye sururu juu ya kichwa cha mwenziwe ni hatari. La tatu ni kikomo. Sheria ya California ya mwaka 1967 iliweka saa 72 kwa kizuizi cha dharura. Katika Uingereza, mtu aliyechukuliwa na polisi kwa sababu ya ugonjwa wa akili huzuiliwa kwa saa 24 ili apimwe. Hesabu zaweza kutofautiana, lakini pasipo hesabu yo yote, usiku mmoja huzaa mwaka. La nne ni mlango: hati iseme ni nani mwingine atakayeisoma, na mgonjwa apeleke wapi malalamiko yake.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na hapa yanilazimu kuongeza la tano. Matabibu wetu husomeshwa kwa Kiingereza, na majalada ya wagonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Kwa jambo la dawa na vipimo sina ugomvi. Lakini karatasi inayomwondolea mtu uhuru wake si habari ya dawa peke yake. Ni habari inayomhusu yeye kama raia. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, kwa hoja kwamba mtu asihukumiwe kwa lugha asiyoijua. Hoja hiyo haikomi katika mlango wa mahakama. Mchimbaji asiyeweza kusoma sababu za kuzuiliwa kwake amezuiliwa mara mbili, mwili na fahamu. Na tukiiandika kwa Kiswahili, tuchague maneno kwa adabu. "Kichaa" na "chizi" ni maneno ya kijiweni. Hata jina la Mirembe limekwisha kufanywa tusi na vijana. "Mgonjwa wa akili" ni neno linalomwachia mtu utu wake, kwa kuwa mgonjwa ni mtu anayetazamiwa kupona.

Liko pingamizi la mwisho, nalo latoka upande ulio kinyume kabisa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wasema kwamba ulemavu usiwe kamwe sababu ya kumnyang'anya mtu uhuru. Wako wausomao mkataba huo kuwa hapana mtu apaswaye kuzuiliwa kwa ajili ya akili yake, hata kwa saa moja, hata kwa hati njema namna gani. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwa sababu wengi wao wamepata kuzuiliwa na wajua wasemalo. Lakini nikimtazama mtu wetu wa saa nane ya usiku, siwezi kuwafuata mpaka mwisho. Akikataliwa mlangoni pa hospitali, hatarudi katika uhuru. Atarudi katika kamba ya katani. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza habari za watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60. Minyororo hiyo haina fomu, haina saa 72, na haina hakimu. Hata hivyo pingamizi hili latufaa kwa jambo moja kubwa: latukumbusha kwamba kila kizuizi, hata kile cha lazima, ni hasara, na mwenye kutia hasara hujieleza.

Nirudi sasa Geita kumaliza. Tufanye kwamba siku ya tano mgonjwa ameamka, homa imeshuka, macho yake yametulia. Anatazama alama za kamba katika mikono yake, anauliza: "Nani kanileta hapa? Mmenifunga kwa nini?" Katika saa hiyo, na si katika saa ile ya usiku, ndipo hukumu ya tabibu ilipo. Ikiwa aweza kuichukua hati, akaketi karibu na kitanda, akaisoma kwa sauti mbele ya mtu huyo kwa lugha aifahamuyo, neno kwa neno, bila kuruka mstari na bila kuona haya, basi alimzuia kwa haki. Ikiwa yuko tayari kumwonyesha mwenzake wa zamu lakini hathubutu kumsomea mwenyewe, basi ndani ya karatasi ile limo jambo lisilo sawa, ijapokuwa mihuri yote imekamilika.

Hicho ndicho kipimo nikipendekezacho, nacho hakihitaji bunge wala bajeti. Kila aandikaye habari za mtu aliyelala na aandike kana kwamba mtu huyo ameketi mbele yake akimtazama. Wagonjwa wengi huamka. Na yule asiyeamka anastahili zaidi, kwa kuwa hatapata kamwe nafasi ya kusahihisha tuliyoyasema juu yake.